Rangi ya Mwanga na Rangi ya Ngozi: Polima Zinazong'aa Zisirithi Kosa la Oksimita

Saa nane za usiku, katika kituo cha afya chenye mtungi mmoja wa oksijeni, namba ndogo hubeba uzito kuliko maneno mengi. Muuguzi hukibana kidole cha mtoto anayepumua kwa shida kwa kifaa kidogo cha plastiki, taa nyekundu huwaka, na baada ya sekunde chache kioo huandika 93. Kwa namba hiyo huamuliwa nani awekewe oksijeni na nani asubiri, nani apande gari la wagonjwa kwenda hospitali ya rufaa na nani abaki hadi kupambazuke. Mama aliyeketi kando ya kitanda hajui namba hiyo imetoka wapi. Anaona tu kwamba mhudumu ameitazama na uso wake ukatulia.

Hakimu huyo mdogo huitwa oksimita. Ameokoa maisha ya watu wasiohesabika, na hakuna tabibu mwenye busara atakayetaka kurudi enzi za kukisia oksijeni kwa kutazama midomo. Hata hivyo, imekwisha kuthibitika kwamba hakimu huyu huwapendelea baadhi ya watu bila kukusudia: mara nyingi mno huwaandikia wenye ngozi nyeusi namba nzuri kuliko hali yao halisi. Wakati tiba ingali ikitafuta namna ya kulisahihisha kosa hilo, kizazi kipya cha vifaa kinapikwa katika maabara za kemia. Hivi havitatumia taa ngumu za kawaida. Vitatumia polima zinazong'aa, nyembamba kuliko utando wa yai, ziwezazo kubandikwa mwilini kama plasta. Hoja inayotetewa hapa ni hii: rangi ya mwanga wa polima hizo huamuliwa na mkemia siku anapoichora molekuli, na siku hiyohiyo ndipo ngozi nyeusi inapaswa kuwamo katika hesabu zake. Ikisubiri hadi kifaa kifike sokoni, itakuwa imechelewa tena.

Kifaa kinavyoisoma damu

Kanuni ya oksimita ilibuniwa nchini Japani na mhandisi Takuo Aoyagi, aliyeitangaza mwaka 1974. Damu iliyobeba oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Iliyopungukiwa huelekea wekundu wa giza. Tofauti ambayo jicho huiona kwa shida, mwanga huiona kwa urahisi. Kifaa hupitisha kidoleni miale ya aina mbili: mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi, na mwingine usioonekana kwa macho, ulio ng'ambo ya mwekundu, wa nanomita 940 hivi. Hemoglobini isiyo na oksijeni hufyonza zaidi mwanga mwekundu. Iliyobeba oksijeni hufyonza zaidi ule usioonekana. Kihisi kilicho upande wa pili wa kidole hupima kiasi kilichosalia cha kila mwale.

Werevu wa Aoyagi ulikuwa kuutumia mpigo wa moyo wenyewe. Kila moyo unapopiga, damu mpya ya ateri huingia kidoleni na mwanga unaopita hupungua kidogo, kisha hurudi. Kinachobadilika na mpigo ni damu ya ateri. Kisichobadilika ni mfupa, nyama na ngozi, nacho huondolewa katika hesabu. Kwa nadharia, basi, rangi ya ngozi haikupaswa kuleta tatizo lolote, maana ngozi haipigi kama moyo. Nadharia hiyo ndiyo iliyowafanya wengi walale usingizi kwa miongo kadhaa.

Kuna jambo jingine ambalo watumiaji wengi hawalijui. Oksimita haikokotoi asilimia ya oksijeni kwa fizikia peke yake. Kabla kifaa hakijatolewa, watu wazima wenye afya hujitolea kupumua hewa iliyopunguzwa oksijeni hatua kwa hatua, hadi kiwango cha damuni kikaribie asilimia 70, huku damu ya ateri ikichotwa na kupimwa maabara. Uwiano wa miale miwili hulinganishwa na majibu ya maabara, jedwali huundwa, na jedwali hilo hufungiwa ndani ya kifaa. Kwa hiyo kila namba inayotokea kiooni ni kumbukumbu ya miili ya wale waliojitolea. Mtoto wa Kigoma au wa Turkana husomwa kwa kulinganishwa na watu wazima ambao pengine hawakufanana naye hata kidogo.

Kosa lililojulikana na kusahaulika

Mwaka 1990 madaktari Amal Jubran na Martin Tobin, wakifanya kazi Marekani, walichapisha katika jarida la Chest matokeo ya wagonjwa waliokuwa wakipumulishwa kwa mashine. Waliona kwamba usomaji usio sahihi wa oksimita ulitokea mara nyingi zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walionyesha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi sana, vifaa hupandisha namba kupita hali halisi, na kwamba kadiri oksijeni inavyozidi kushuka ndivyo kosa hilo linavyozidi kukua. Maana yake ni kwamba kifaa humdanganya mhudumu zaidi pale pale anapokihitaji zaidi.

Habari hizo zilisomwa na wachache, zikawekwa kabatini. Ilikuja kuwa Desemba 2020, wakati UVIKO-19 umejaza wodi za dunia nzima, ndipo Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipoandika barua fupi katika jarida la New England Journal of Medicine. Waliwachambua wagonjwa ambao oksimita iliwaandikia asilimia 92 hadi 96, kiwango ambacho wengi hukiona cha kuridhisha, wakalinganisha na kipimo cha damu ya ateri. Miongoni mwa wagonjwa weupe, asilimia 3.6 walikuwa kwa kweli chini ya asilimia 88. Miongoni mwa wagonjwa weusi, walikuwa asilimia 11.7: karibu mara tatu zaidi.

Inafaa kuuliza ilikuwaje kifaa kama hicho kikaidhinishwa. Mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani wa mwaka 2013 uliwataka watengenezaji wawajumuishe angalau watu wawili wenye ngozi nyeusi, au asilimia 15 ya washiriki wote, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Watu wawili! Kwa ushahidi wa watu wawili, mashine huruhusiwa kuuzwa kila mahali, na hatimaye hufika bara ambalo wengi wa wagonjwa wake ni weusi. Januari 2025 mamlaka hiyo ilitoa rasimu ya mwongozo mpya inayodai washiriki wengi zaidi na wa rangi mbalimbali za ngozi. Ni hatua njema, lakini imekuja miaka 35 baada ya onyo la kwanza.

Jinsi rangi ya mwanga inavyochorwa katika molekuli

Mwaka huohuo wa 1990, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, jambo jingine lilitokea ambalo hakuna aliyelihusisha na wagonjwa wa Jubran na Tobin. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, Jeremy Burroughes, Donal Bradley, Richard Friend, Andrew Holmes na wenzao walichapisha katika jarida la Nature habari za utando wa polima uliong'aa kwa rangi ya manjano yenye ukijani ulipopitishiwa umeme. Polima hiyo ni polifenilini-vinilini, ifupishwayo PPV.

Kwa kawaida polima, yaani plastiki, huzuia umeme. Ndiyo maana nyaya huvikwa plastiki. Polima hizi ni za namna ya pekee. Katika uti wake, vifungo vya atomi za kaboni hupokezana: kimoja cha mara moja, kinachofuata cha mara mbili, kisha cha mara moja tena, mwanzo hadi mwisho. Upokezano huo huzifanya baadhi ya elektroni zisiwe za atomi moja, bali zitembee kwenye uti kama watu wa ukoo mmoja katika uwanja usio na ua. Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1977 kwamba poliasetilini, polima sahili ya jamii hiyo, ikitiwa iodini hupitisha umeme mara mamilioni kuliko awali. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Ugunduzi wa Cambridge uliongeza jambo moja kubwa: polima za jamii hiyo zaweza pia kutoa mwanga.

Rangi ya mwanga huo hutegemea nini? Mfano wa udi wa taarabu watosha kueleza. Waya mrefu wa udi hutoa sauti nzito. Mpigaji akiubana kwa kidole, sehemu inayotetemeka hufupika na sauti hupanda. Elektroni katika polima hufuata tabia kama hiyo. Ikipewa uti mrefu ulionyooka wa kutembelea, nishati yake hushuka na mwanga huelekea wekundu. Uti ukikatizwa, nishati hupanda na mwanga huelekea buluu. Mkemia ndiye mpiga udi. Akipachika matawi makubwa pembeni ya uti, pete za kaboni husongamana, hupinda na kutolalia bapa moja. Ni sawa na kuubana waya, na rangi hupanda kuelekea buluu. Akipachika matawi yenye oksijeni kwenye PPV, hupata rangi ya chungwa. Akichukua polifluorini, ambayo kwa asili hung'aa buluu, akaipokezanisha na vipande vinavyovuta elektroni viitwavyo benzothiadiazoli, hupata kijani chenye umanjano. Akiongeza pete za thiofini pande zote mbili za kipande hicho, hupata wekundu. Matawi yaleyale huifanya polima iyeyuke katika kimiminika, ikawa wino, na wino huchapishika juu ya karatasi ya plastiki.

Ndoto ya tiba ilizaliwa hapo. Mwaka 2009 madaktari na wanafizikia wa Dundee na St Andrews, Scotland, waliripoti majaribio ya wagonjwa 12 wenye saratani za ngozi zisizo melanoma waliobandikwa chanzo cha mwanga cha aina hii ya kikaboni, wakatibiwa huku wakitembea badala ya kulala chini ya taa kubwa. Mwaka 2014 kundi la Ana Arias katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilitengeneza oksimita ambayo taa zake na kihisi chake vyote vilikuwa vya kikaboni. Mwaka 2016 kundi la Takao Someya la Chuo Kikuu cha Tokyo lilionyesha ngozi bandia ya mwanga yenye unene wa mikromita tatu, iliyoweza kulala kidoleni bila kuonekana ni mzigo. Fikiria manufaa yake kwa mtoto njiti ambaye kidole chake hakitoshi kubanwa na oksimita ya kawaida, au kwa jeraha la moto ambalo daktari angependa kujua ni sehemu ipi ingali ikipata damu.

Pale uchaguzi wa mkemia unapokutana na ngozi

Hapa ndipo hoja yenyewe ilipo. Mambo matatu katika usanifu wa polima hizi humgusa moja kwa moja mgonjwa mweusi, na hakuna hata moja linaloweza kusahihishwa kwa urahisi baada ya kifaa kukamilika.

La kwanza ni rangi iliyochaguliwa. Oksimita ya Berkeley ya mwaka 2014 haikutumia mwekundu na ule usioonekana. Ilitumia kijani cha nanomita 532 na mwekundu wa nanomita 626. Sababu zilikuwa za haki kwa mkemia na mhandisi. Mwanga ulio ng'ambo ya mwekundu ni mgumu kuupata kutoka polima, kwa kuwa kadiri nishati ya mwanga inavyopungua ndivyo mitetemo ya molekuli inavyoila na kuigeuza joto kabla haijawa nuru. Kijani, kwa upande wake, hupatikana kwa wingi, nayo damu hukifyonza vema. Watafiti waliripoti kosa la takriban asilimia 2 tu katika kupima oksijeni. Lakini melanini, rangi ya ngozi, ina tabia yake: hufyonza mwanga wa mawimbi mafupi kuliko wa mawimbi marefu. Humeza kijani kuliko mwekundu, na mwekundu kuliko ule usioonekana. Kwa maneno mengine, kilichokuwa wepesi kwa mkemia ndicho kilicho kizito kwa ngozi nyeusi. Haisemwi hapa kwamba kifaa kile kilishindwa. Kilikuwa hatua ya kwanza ya maabara, na mwaka 2018 kundi hilohilo lilionyesha safu ya taa nyekundu na za ng'ambo ya mwekundu. Kinachosemwa ni kwamba safari kutoka kijani hadi ng'ambo ya mwekundu si jambo la kupendezesha kifaa tu. Kwa nusu ya dunia ni suala la haki ya kupimwa sawasawa.

La pili ni upana wa rangi. Taa yoyote haitoi wimbi moja, bali mkusanyiko wa mawimbi jirani. Taa nyekundu ya kawaida ya LED huwa na upana wa nanomita 20 hadi 30 hivi. Polima, ambazo minyororo yake hutetemeka na kila mmoja umepinda kwa namna yake, hutoa mwanga wenye upana wa nanomita 50 hadi 100. Mwanga mpana ukipita katika melanini, upande wa mawimbi mafupi hupunguzwa kuliko upande wa mawimbi marefu, na mwanga unaoifikia damu huwa na rangi tofauti kidogo na ule uliotoka kwenye taa. Jedwali la kiwandani, lililoandikwa kwa rangi ya asili, huanza kusoma kwa makosa. Hii ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kueleza kosa la oksimita za sasa, pamoja na udhaifu wa ishara inayovuka ngozi nyeusi. Ikiwa mwanga wa nanomita 30 umeleta matatizo, wa nanomita 80 unahitaji tahadhari mara nyingi. Wembamba wa rangi si jambo lisilowezekana: mwaka 2016 Takuji Hatakeyama na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba molekuli ngumu zenye boroni na nitrojeni zaweza kutoa buluu nyembamba sana. Watengenezaji wa runinga wameutafuta wembamba huo ili picha zipendeze. Ingekuwa aibu wembamba utafutwe kwa ajili ya runinga na usitafutwe kwa ajili ya mtoto mwenye nimonia.

La tatu ni kudumu kwa rangi. Polima zinazong'aa huharibiwa na oksijeni na unyevu. Polifluorini yajulikana vizuri kwa udhaifu huu: baadhi ya viungo vyake vikioksidishwa, buluu yake huanza kuchanganyika na ukijani. Katika tangazo la barabarani, mabadiliko hayo ni kasoro ya urembo. Katika kifaa cha kupimia, rangi ikihama namba nayo huhama, na hakuna taa ya onyo itakayowaka. Vifaa vya majaribio huhifadhiwa katika maabara zenye hewa kavu. Kituo cha afya cha Lindi au Lamu mwezi wa Machi hakina hewa ya namna hiyo: chumvi huila mabati, kuvu huota ndani ya lenzi, na boksi la vifaa hukaa wiki kadhaa katika stoo ya joto kali. Kifaa kisichojaribiwa katika joto na unyevu wa pwani hakijajaribiwa kwa ajili ya pwani.

Hoja za upande wa pili

Wako watakaosema kwamba kompyuta ndogo iliyomo ndani ya kifaa itasahihisha yote. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Programu yaweza kurekebisha kosa lililopimwa. Haiwezi kurekebisha kosa ambalo hakuna aliyelipima, kwa kuwa wenye ngozi hiyo hawakuwamo katika majaribio. Tena mwanga usiofika kwenye damu haurudi na habari yoyote, na hakuna hesabu inayoweza kuumba habari isiyokuwapo.

Wengine watauliza: vituo ambavyo havina hata oksimita ya kawaida vina haja gani na mjadala wa polima? Jibu ni kwamba vifaa vinavyochapishwa kwa wino vinanuiwa kuwa vya bei nafuu, na kifaa cha bei nafuu hutafutiwa soko kwa maskini. Wakati wa kutoa masharti ni sasa, molekuli zingali mezani. Samaki mkunje angali mbichi.

Hofu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kwamba maneno kama haya yatawafanya wahudumu waitupe oksimita, au wagonjwa wakatae kupimwa. Hilo lingekuwa msiba. Oksimita yenye kosa la asilimia chache bado huona upungufu wa oksijeni ambao jicho la daktari bingwa lingeukosa. Anayeijua kasoro ya mizani hatupi mizani. Hupima akikumbuka kasoro yake. Kuijua kasoro ni sehemu ya ujuzi wa kukitumia kifaa.

Yanayopasa kufanywa

Wasanifu wa polima wanapaswa kuihesabu ngozi kuwa sehemu ya saketi. Kabla ya kutangaza kwamba taa fulani inafaa kwa tiba, waonyeshe mwanga wake unavyopita katika melanini ya viwango vyote, si katika kidole cha mwanafunzi wa maabara pekee. Hili halihitaji fedha nyingi. Lahitaji swali kuulizwa mapema.

Mamlaka za udhibiti, kama vile Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania na Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya, zinaweza kudai ushahidi huo kabla ya kusajili kifaa chochote kinachosoma damu kwa mwanga. Cheti kutoka nchi za mbali kisitoshe, ikiwa kimetolewa kwa ushahidi wa watu wawili. Wanunuzi wa serikali na wafadhili nao waweke sharti hilohilo katika zabuni. Mtengenezaji ambaye hakusikia ombi la daktari husikia sharti la mnunuzi.

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vina nafasi ambayo vingine havina. Wagonjwa wa rangi zote za ngozi nyeusi wamo wodini mwao. Wakemia wao wanaijua fizikia ya mwanga. Hospitali zao za kufundishia hupima damu ya ateri. Kinachokosekana ni mlango kati ya idara ya kemia na wodi ya wagonjwa mahututi. Ukifunguliwa, vyuo hivi havitakuwa tena mahali pa kupokea vifaa vilivyokamilika, bali mahali pa kuvipima, kuvikosoa na hata kuvibuni.

Kwa mhudumu aliye zamu usiku wa leo, ushauri ni wa kawaida lakini una uzito. Namba moja isisimame peke yake. Mtoto ambaye kifua kinabonyea, anayeguna kila anapopumua, asiyeweza kunyonya au aliyelegea, ni mgonjwa mahututi hata kama kioo kimeandika 94. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha kumpa oksijeni mtoto aliye chini ya asilimia 90 kisomwe kwa tahadhari kwa yule anayesomeka 91 au 92, hasa namba ikizidi kushuka kutoka kipimo hadi kipimo. Mabadiliko ya namba kwa mgonjwa yuleyule husema zaidi ya namba yenyewe. Rangi ya buluu itafutwe kwenye ulimi na fizi, ambako ngozi haiifichi. Kidole chenye baridi kipashwe joto. Chenye rangi ya kucha kifutwe. Chenye piko au hina nyeusi kiachwe, kitumike kingine au ndewe ya sikio. Na ikumbukwe kwamba aliyelala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa aweza kuonyesha asilimia 99 huku akifa kwa sumu ya kaboni monoksidi, kwa maana oksimita ya kawaida haiwezi kuitofautisha sumu hiyo na oksijeni.

Mgonjwa na mwenye kumuuguza nao wana sehemu yao. Mama akisema, "Mwanangu hapumui kama jana," hiyo ni habari ya kitabibu, na ina haki ya kuandikwa katika faili kando ya namba. Kuuliza kifaa kimesomaje, na kuomba kipimo kirudiwe, si utovu wa adabu.

Mwaka 1990, nuru ya polima iliwaka Cambridge katika mwaka uleule ambao onyo kuhusu oksimita lilichapishwa Marekani. Habari hizo mbili zilikwenda njia mbali mbali: moja ikapata sifa, nyingine ikapata vumbi. Sasa njia hizo zimekutana juu ya kidole cha mgonjwa. Wanaochora molekuli za kesho wanajua tayari kosa la jana lilipotokea, nao wana uwezo wa kuchagua wimbi, upana wake na uimara wake kabla tone la kwanza la wino halijachapishwa. Mtoto wa zamu ya usiku hatajua jina la polima iliyomwangazia. Inatosha kwamba namba itakayoandikwa kiooni iwe yake.